Kufundisha Mchanganyiko: Udongo Ndani ya Mpira wa Viwandani

Neno "mchanganyiko" hufundishwa mapema katika masomo ya sayansi, na wanafunzi hulikariri vizuri. Hata hivyo, ukiwauliza kwa nini michanganyiko miwili yenye vitu vilevile, kwa vipimo vilevile, huweza kutofautiana kwa nguvu, wengi hunyamaza. Makala haya yanapendekeza somo la vipindi viwili kwa wanachuo watakaofundisha Masasi na Newala, hasa pale pasipo na maabara. Mfano wetu ni tyubu ya baiskeli, chombo ambacho kila mtoto wa uwanda wa Makonde anakifahamu.

Msingi wa somo

Mpira si mgeni kusini. Mwishoni mwa karne ya 19, utomvu wa mimea itambaayo ya mwituni ulikusanywa na kusafirishwa kupitia bandari kama Lindi na Kilwa. Leo tyubu nyingi hutengenezwa kwa mpira wa viwandani utokanao na petroli. Mpira huo hutiwa vijazo, kama vile masizi na udongo, ili uwe imara.

Udongo wa aina ya bentonaiti una tabaka nyembamba mno, kila moja ikiwa na unene wa nanomita 1 hivi, yaani milimita moja iliyogawanywa kwa milioni. Tabaka hizo zikitengana na kuenea, hewa inayotaka kupenya hulazimika kuzunguka kila tabaka, na hivyo huchelewa kutoka. Zikibaki zimeshikamana, kila bonge huwa mahali dhaifu ambapo mpira huanza kuchanika.

Hatua za kufundisha

1. Uji. Wanafunzi wakoroge unga wa muhogo katika maji baridi, kisha waupike. Kundi jingine litupe unga mkavu katika maji yanayochemka. Mabuje yatatokea, kwa kuwa unga wa nje huiva na kuufungia ndani ule mkavu. Vitu ni vilevile; njia ndiyo iliyotofautiana.

2. Daftari. Daftari la karatasi 40 lililofungwa hufunika nafasi ya karatasi moja tu. Likichanuliwa karatasi moja moja, hufunika nafasi mara 40. Ndivyo udongo kidogo uliotawanyika unavyofanya kazi kubwa.

3. Udongo, maji na mafuta. Katika chupa ya kioo, tikisa udongo laini wa mfinyanzi pamoja na maji, kisha mimina mafuta ya kupikia polepole juu yake. Udongo hubaki majini. Mpira una tabia kama ya mafuta. Kwa hiyo udongo mtupu haukubaliani nao.

4. Sabuni. Katika chupa nyingine, tikisa maji na mafuta, kisha ongeza sabuni na utikise tena. Molekuli ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta. Viwandani hutumika chumvi maalumu zenye umbo la namna hiyo: kichwa hushika tabaka la udongo, mkia huelekea kwenye mpira.

Baada ya hatua hizo, mwalimu aeleze njia nyingine mbili za viwandani. Ya kwanza ni kuchanganya udongo uliolowekwa majini na mpira ungali katika hali ya utomvu, ndipo ugandishwe. Ya pili ni kuukanda mpira kwa nguvu kati ya magurudumu ya chuma. Kukanda peke yake hakutoshi. Tena, ikiwa salfa imekwisha kutiwa, joto la msuguano huweza kuuivisha mpira kabla ya wakati wake.

Swali la kufikiri

Mafuta ya ganda la korosho hutumika viwandani katika vifaa vya breki. Hupatikana humo kadanoli, ambayo molekuli yake ina kichwa na mkia wa kaboni 15. Je, umbo hilo lingeweza kusaidia nini katika somo letu? Mwalimu asiwaruhusu watoto kuyagusa mafuta hayo, maana huunguza ngozi.

Tathmini

Tusimpime mwanafunzi kwa maana ya neno alilokariri. Tumpe kipande cha mpira chenye mabonge, atueleze kasoro ilianzia katika hatua gani na angeirekebishaje. Akiweza hayo, amejifunza kufikiri kama fundi, na maarifa hayo atayatumia jikoni, shambani na kiwandani.