Ndege Imejaa: Uachie Kiti Chako kwa Bei Gani?

Kutoka Babati hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, ni zaidi ya kilomita 200 za lami kupitia Minjingu, Makuyuni na Arusha. Msafiri wa mji huu hufika kaunta ya uwanja akiwa ameshatumia nusu siku na nauli ya basi, na mara nyingi amelala usiku mmoja Arusha. Kwa hiyo akisikia tangazo kwamba ndege imejaa na anatafutwa abiria wa kuachia kiti kwa malipo, hesabu yake si sawa na ya mtu wa Moshi anayeweza kurudi kulala kwake. Nimekusanya hapa maswali ambayo watu wa Babati huuliza kuhusu jambo hili, na kila moja nimelijibu kwa namna itakayokusaidia ukiwa umesimama pale kaunta.

Swali: Kampuni inauzaje tiketi nyingi kuliko viti? Huo si wizi?

Jibu: Katika nchi nyingi sheria haiuhesabu kuwa wizi. Karibu kila safari ina abiria waliolipa lakini hawatokei. Wapo waliougua, waliobadili tarehe, na waliochelewa kuunganisha ndege. Ndege ikishapaa, kiti kilichobaki wazi hakiuziki tena. Kampuni hutazama kumbukumbu za safari zilizopita, ikakadiria wangapi hawatafika, kisha ikauza tiketi chache za ziada. Ni kama dalali wa lori la mbaazi hapa kwetu anayepokea ahadi za magunia kuzidi uwezo wa lori, kwa kuwa anajua baadhi ya wakulima hawataleta. ATR 72, ndege ya mapangaboi iliyozoeleka katika viwanja vya kaskazini, hubeba abiria wapatao 70. Zikiuzwa tiketi 73 na watu watatu wasifike, kila mtu anapanda na hakuna anayejua lolote. Wakifika wote, watatu wanabaki chini. Anayepaswa kubeba gharama ya makisio hayo ni kampuni iliyoyafanya, maana abiria amelipa na amefika kwa wakati.

Swali: Utaratibu wa kumlipa abiria anayekubali kubaki ulitoka wapi?

Jibu: Mwaka 1968 mchumi wa Marekani Julian Simon alipendekeza kwamba ndege ikijaa kupita kiasi, kila abiria apewe karatasi na bahasha aandike kiasi kidogo kabisa atakachokubali ili asubiri ndege inayofuata. Wenye bei ya chini ndio walipwe na kubaki. Kampuni za ndege hazikulipokea wazo hilo. Ziliendelea kuwaacha abiria bila hiari yao, na kwa kawaida aliyeachwa ni yule aliyefika mwisho.

Aprili 1972 aliachwa mtu asiyenyamaza. Ralph Nader, mtetezi maarufu wa haki za walaji, alinyimwa kiti katika ndege ya Allegheny Airlines aliyokuwa na tiketi yake halali. Alikwenda mahakamani. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kesi yake ya kufichwa ukweli kuhusu uuzaji huo wa ziada inaweza kusikilizwa. Mwaka 1978 bodi iliyosimamia usafiri wa anga nchini humo, ikiongozwa na mchumi Alfred Kahn, iliweka kanuni kwamba kampuni itafute kwanza wanaojitolea, ndipo imwache mtu kwa lazima.

Kanuni hiyo ilionekana haitoshi tarehe 9 Aprili 2017. Siku hiyo Dakta David Dao aliburutwa na maofisa wa usalama kutoka kwenye kiti alichokuwa ameshakikalia katika ndege ya United Airlines iliyokuwa Chicago. Video zake zilienea dunia nzima. Baada ya tukio hilo United ilipandisha hadi dola 10,000 kiwango cha juu ambacho anayejitolea angeweza kupewa. Ina maana kampuni ilikuwa na uwezo wa kuendelea kupandisha bei mpaka apatikane mtu wa kushuka kwa ridhaa.

Swali: Nikiwa KIA, sheria gani inanilinda?

Jibu: Inategemea unapanda ndege ya nani na unaelekea wapi.

Ulinzi ulio wazi zaidi ni wa Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005. Inamhusu kila abiria anayeondoka uwanja wa nchi ya Umoja huo, kwa ndege ya kampuni yoyote. Inamhusu pia anayekwenda huko akitokea nje kwa ndege ya kampuni ya Ulaya, isipokuwa kama ameshapewa fidia na huduma katika nchi anayotoka. Mkazi wa Babati anayepanda KLM pale KIA kwenda Amsterdam yumo. Akipanda Ethiopian Airlines kwenda Ulaya kupitia Addis Ababa, wakati wa kwenda hayumo, ila siku ya kurudi akitokea Ulaya kwa kampuni hiyohiyo, yumo.

Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, aliyenyimwa kiti bila hiari yake hudai euro 600. Kiasi hicho kinaweza kupunguzwa nusu akipewa ndege nyingine inayomfikisha bila kuchelewa zaidi ya saa nne. Juu ya fidia hiyo ana haki ya chakula, hoteli ikibidi kulala, usafiri wa kwenda na kurudi hotelini, na kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa ndege nyingine. Uingereza ina kanuni ya namna hiyohiyo, na fidia yake kwa safari ndefu ni pauni 520.

Tanzania pia ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Mkataba huo humruhusu abiria wa safari ya kimataifa kudai hasara aliyoipata kwa kucheleweshwa, mradi aithibitishe na afungue madai ndani ya miaka miwili. Hautoi kiasi kilichopangwa tayari kama kanuni ya Ulaya, kwa hiyo tunza kila risiti. Malalamiko dhidi ya kampuni zinazohudumu nchini yapeleke Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ambayo ina baraza lake la watumiaji wa huduma za anga.

Swali: Kujitolea na kunyimwa kiti si kitu kimoja? Mwisho wa yote ndege inaniacha.

Jibu: Ni vitu viwili tofauti kabisa, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Anayenyimwa kiti hulipwa kile sheria inachosema. Anayejitolea hulipwa kile alichokubaliana na kampuni. Chini ya kanuni ya Ulaya, ukishasema ndiyo, unabaki na haki ya kurudishiwa nauli au kupewa ndege nyingine, lakini zile euro 600 si haki yako tena, na hoteli na chakula si vya moja kwa moja. Unavipata ikiwa uliviomba kabla hujakubali.

Kwa hiyo usijibu upesi. Uliza hivi: "Nisipokubali, nina hakika ya kupanda?" Kama jina lako limeshaondolewa kwenye orodha, hujitolei chochote. Umenyimwa kiti, na unastahili kutendewa hivyo. Usitie saini karatasi inayosema umejitolea.

Swali: Mimi nafanya biashara ya nafaka hapa Babati na sina haraka sana. Nikubali kwa kiasi gani?

Jibu: Ndugu mfanyabiashara, anza kwa kujumlisha gharama za kubaki. Hesabu malazi, chakula, usafiri kati ya uwanja na mahali pa kulala, siku ya kazi iliyopotea, na hasara ya mtu anayekusubiri uendako. Kiasi hicho ndicho sakafu yako, na malipo yoyote chini yake ni hasara. Kama safari yako ni ya Ulaya na inalindwa na kanuni niliyoitaja, sakafu yako ipande hadi karibu na fidia ambayo ungelipwa kwa kunyimwa kiti.

Kisha jua kwamba tangazo la kwanza mara nyingi huwa na bei ya chini. Wasipopatikana watu wa kutosha, bei hupanda. Lakini wakipatikana, nafasi imekwisha. Njia nzuri ni kwenda kaunta mapema, kusema kwa heshima kwamba uko tayari kwa kiasi fulani, na kuomba kwamba wengine wakilipwa zaidi, nawe ulipwe sawa nao. Kabla ya kurudisha kadi ya kupandia ndege, hakikisha mambo matano yameandikwa:

1. Kiasi utakacholipwa, kwa njia gani na lini.
2. Ndege utakayopanda, tarehe na saa yake, ukiwa na kiti kilichothibitishwa. Nafasi ya kusubiri kama itapatikana usiikubali.
3. Hoteli, chakula na usafiri hadi muda huo.
4. Mzigo wako uliokwishapimwa utakuwa wapi.
5. Jina na saini ya mhudumu aliyekubaliana nawe.

Swali: Wakinipa vocha badala ya fedha?

Jibu: Uliza inaisha lini, kama inaweza kutumiwa na mtu mwingine, na kama inalipia nauli yote pamoja na kodi. Vocha ya kampuni isiyofika KIA wala Dar es Salaam, yenye muda wa mwaka mmoja, haina thamani kwa mtu anayesafiri mara moja kwa miaka mitatu. Kwa fidia ya kunyimwa kiti, kanuni ya Ulaya inataka ulipwe fedha taslimu, kwa benki au kwa hundi. Vocha hutolewa tu ukikubali kwa saini. Ukiwa na shaka, omba fedha.

Swali: Nani asikubali hata bei ikiwa kubwa?

Jibu: Mgonjwa anayekwenda kutibiwa na ana miadi na daktari. Mwenye viza ambayo siku zake zinakaribia kwisha. Mwanafunzi anayewahi usajili. Anayesafiri na watoto au na kundi ambalo halitamsubiri. Pia mwenye tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali, kwa mfano moja ya KIA hadi Dar es Salaam na nyingine ya kutoka Dar es Salaam kwenda nje. Akiachia ya kwanza, kampuni ya pili itamhesabu kama asiyefika, na fidia ya ndani haitarudisha nauli ya nje.

Swali: Mama yangu anakwenda kumsalimia dada yangu Uholanzi. Hajui Kiingereza. Nimwandaeje?

Jibu: Mpe mama shikamoo zangu. Mwambie aanze safari siku moja kabla, alale Arusha au Usa River. Wanaoachwa bila hiari kwa kawaida ni waliochelewa kufika na wasio na namba ya kiti, kwa hiyo msajilie safari yake kwa mtandao mapema na umchapishie kadi ya kupandia. Haki za Ulaya zinamtaka awe amefika kaunta kwa muda alioandikiwa, na kama hakuandikiwa, angalau dakika 45 kabla ya ndege kuondoka. Nyaraka zake ziwe kamili, maana anayekataliwa kwa kasoro ya viza au pasipoti halipwi fidia. Mwisho, mwagize asitie saini karatasi yoyote kabla hajakupigia simu. KIA kuna wahudumu Watanzania, na ana kila haki ya kuuliza kwa Kiswahili na kujibiwa.

Swali: Na zile ndege ndogo za kiwanja cha Ziwa Manyara?

Jibu: Hizo zina tatizo lingine, nalo ni uzito. Nyingi huruhusu mzigo wa kilo 15 tu kwa abiria, kwenye begi laini. Rubani akiona uzito umezidi, anaweza kuacha mizigo au mtu, na katika suala la usalama neno lake ni la mwisho. Taja uzito wako na wa mzigo kwa ukweli wakati wa kukata tiketi. Ukiachwa ilhali ulitii masharti yote, dai nauli yako au ndege inayofuata.

Swali: Niliambiwa ndege imejaa, lakini nikitoa "chai" nitapata kiti. Ndiyo fidia hiyo?

Jibu: Hapana. Fidia hutoka kwa kampuni kwenda kwa abiria. Fedha inayotoka kwako kwenda mfukoni mwa mtu wa kaunta ni rushwa, na huenda kiti unachonunua kimeporwa kwa mwenzako aliyelipa. Kataa, mwite msimamizi wa zamu, na toa taarifa TAKUKURU.

Swali: Wengi wetu tunapanda basi. Kiti kimoja kikiuzwa kwa watu wawili pale stendi ya Babati?

Jibu: Kwenye mabasi hakuna utaratibu wa kunadi viti, lakini msingi ni uleule. Usikubali kusimama hadi Dar es Salaam kwa nauli ya kukaa. Onyesha tiketi yako yenye namba ya kiti, dai kiti hicho, au basi jingine, au fedha yako yote. Mkishindwana, peleka malalamiko LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ukiwa na tiketi na namba ya basi. Tiketi iliyoandikwa majina na kiti ndiyo ushahidi wako, basi usiitupe ukishapanda.

Ndugu msomaji, hakuna aibu kuachia kiti kwa malipo, na hakuna ukorofi katika kukataa. Kabla hujaondoka Babati, andika kwenye karatasi vitu viwili: kiasi ambacho chini yake hutakubali kubaki, na namba ya simu ya mtu atakayekushauri. Viweke pamoja na pasipoti yako. Na atakayekulipa, mwambie aandike kwanza.