Najwa: Kunong'ona na Hukumu Zake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulihisabu dogo, nalo ni kunong'ona. Mtu agombanapo sokoni kwa sauti kubwa, wote humlaumu. Lakini amwinamiapo mwenziwe sikioni na kuivunja nyumba ya mtu kwa maneno mawili, hapana amshutumuye, kwa kuwa sauti yake haikusikika. Nayo Kurani imelitaja jambo hili mahali pengi, na katika Suratul Mujadila zimefuatana aya kadha wa kadha za kulieleza. Jambo lililoelezwa hivyo si dogo.

MAANA YA MANENO

Waarabu wana maneno zaidi ya moja katika mlango huu. Najwa ni mazungumzo ya siri baina ya watu wawili au zaidi. Hams ni sauti ya pumzi tupu. Waliosoma tajwidi wanazijua herufi kumi za hams: fe, he kubwa, the, he ndogo, shini, khe, sadi, sini, kafu na te. Mwanafunzi na aweke vidole vyake kooni, atamke sini, kisha atamke ze. Ataona kuwa katika ya kwanza pumzi hupita na koo limetulia, na katika ya pili koo hutetema. Basi mwenye kunong'ona huyasema maneno yake yote kwa hali ile ya kwanza. Neno la tatu ni waswasi. Waarabu waliliita hivyo lile lio dogo la mapambo ya mwanamke atembeapo, na ndilo neno lililotumika kwa maneno ya shetani vifuani mwa watu, kama tusomavyo katika Suratun Nasi.

Nabii Zakariya (a.s.) alimwita Mola wake kwa sauti ya siri, na Iblisi naye humjia mtu kwa siri. Kwa hiyo udogo wa sauti peke yake haumfanyi mtu kuwa mwema wala mwovu. Yatupasa kutazama mambo mawili: ni nani aliyeachwa nje ya maneno hayo, na ni neno gani lililobebwa.

YULE WA TATU

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Abdallah bin Masud (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza, watu wakiwa watatu, wawili wasinong'onezane wakamwacha mwenzao, mpaka wachanganyike na watu, akaitaja na sababu, kuwa jambo hilo humhuzunisha. Tazameni, ndugu zangu: haikusemwa kuwa maneno yale ni ya uongo, wala kuwa ni ya kumsengenya. Pengine wanazungumza bei ya samaki. Lakini yule aliyeachwa hajui. Moyo wake utamwambia kuwa anasemwa yeye, au kuwa hakuonekana kuwa mtu wa kuaminiwa. Sheria imeuhifadhi moyo wake kama ilivyoihifadhi mali yake.

Imamu Nawawi ameeleza kuwa katazo hili ni la kuharimisha, na kuwa wakiwa wanne, wawili wakanong'onezana, hapana ubaya. Na Imamu Malik amepokea katika Muwatta jinsi Ibn Umar (r.a.) alivyolifuata. Alikuwa pamoja na Abdallah bin Dinar, akaja mtu aliyetaka kumnong'oneza. Ibn Umar akamwita mtu mwengine, wakawa wanne, ndipo akawaambia wale wawili wasogee kidogo, akamsikiliza mwenye haja yake. Hakumnyima haja yake mwenye siri, wala hakumwacha rafiki yake peke yake.

Wanazuoni wameingiza humo pia kusema kwa lugha asiyoijua yule wa tatu. Bibi arusi kutoka mji mwingine huketi na mama mkwe na wifi yake, nao wakakiacha Kiswahili wanachokijua wote watatu, wakaingia katika lugha yao. Sauti zao zi juu, lakini kwake yeye ni mnong'ono. Na siku hizi wawili hukaa na mwenzao, wakapelekeana maneno kwa simu huku wakitazamana na kucheka. Midomo imefungwa, na huzuni ya yule wa tatu ni ile ile.

NENO LILILOBEBWA

Wafasiri wanaeleza kuwa palikuwa na watu Madina ambao, wamwonapo Muislamu akipita, huanza kunong'onezana na kumtazama, hata akadhani kuwa jamaa zake waliotoka kwenda vitani wamefikwa na baya. Hawakumwambia neno, na roho yake imekwisha kuwaka moto. Aya zikashuka kukataza najwa ya dhambi, ya uadui na ya kumwasi Mtume, na kuamrisha kuwa waumini wakinong'onezana iwe kwa wema na ucha Mungu. Na kabla ya hapo, aya ya 7 imekwisha tukumbusha kuwa hawawi watatu katika siri ila Mwenyezi Mungu ni wa nne wao kwa ujuzi wake. Asemaye barazani kuwa haya ni baina yangu na wewe, amekosea hisabu.

Ipo methali yetu isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Watu wameifanya shahidi. Kijana huposa, baba wa binti akaulizia khabari zake, mmoja akamwinamia akasema, "Mimi sikwambii kitu, lakini uliza vizuri." Posa ikavunjika, na kijana hajui kosa lake hata leo, kwa sababu hakutajiwa. Hii si nasaha. Fatima binti Qais (r.a.) alipomtaka shauri Mtume (s.a.w.) juu ya waliomposa, alimwambia aibu ya kila mmoja waziwazi, kwa neno linalojulikana. Basi anayeulizwa kwa haja ya kweli na aseme analolijua kwa yakini, kwa kadiri ya haja. Na asiyelijua na anyamaze. Lililo haramu ni lile neno nusu, lisilo shahidi, ambalo msemaji akiulizwa kesho atalikana.

MNONG'ONO ULIO WA KHERI

Katika Suratun Nisaa, aya ya 114, wametolewa watu watatu katika lawama ya najwa: anayeamrisha sadaka, anayeamrisha mema, na anayesuluhisha watu. Yote matatu huhitaji siri. Maskini akipewa mbele za watu, amepewa mali na kuvuliwa heshima. Mwenye kosa akinasihiwa mbele za watu, atalitetea kosa lake. Na mume na mke hawasuluhishiki uani pamejaa majirani.

Na siri ya namna hiyo ni amana. Mtume (s.a.w.) katika maradhi yake ya mwisho, mwaka wa 11 wa Hijra, alimnong'oneza binti yake Fatima (r.a.), akalia, akamnong'oneza tena, akacheka. Bibi Aisha (r.a.) alimwuliza, naye akakataa kuitoa siri ya Mtume, hakuieleza mpaka alipokwisha kufariki. Naye Anas bin Malik (r.a.), angali mtoto, alichelewa kurudi kwa mamake kwa kutumwa na Mtume. Mamake akamwuliza ni haja gani. Akajibu kuwa ni siri. Mama hakumlazimisha, bali alimwamuru asimwambie mtu yeyote. Ni akina mama wangapi wetu leo wangefanya hivyo? Wengi wetu huwahonga watoto tamutamu ili watuletee ya nyumba ya pili, kisha twastaajabu wakiwa wakubwa hawana siri.

TUFANYEJE

Akujiaye mtu kwa mnong'ono juu ya mwenziwe, mwulize mambo matatu: Je, umeliona mwenyewe? Je, umemwambia mwenyewe? Je, wataka nikamsaidie au nikamchukie? Akishindwa kujibu, mwondolee sikio lako kwa upole. Nanyi mkiwa watatu barazani, na mmoja ana siri ya haki, na angoje aje wa nne, kama alivyofanya Ibn Umar, au aiweke hata wakati mwingine.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie ndimi zetu na masikio yetu, na atujaalie siri zetu ziwe kama dhahiri zetu. Amin. Wabillahi tawfiki.