Bahari Yapanda, au Ardhi Yazama?

Katika bandari nyingi za dunia huwekwa chombo cha kupimia kimo cha bahari. Hapo kale kilikuwa ubao tu, uliochorwa alama na kusimamishwa majini. Siku hizi vingi ni mitambo iandikayo hesabu yenyewe usiku na mchana. Kupwa na kujaa kwa maji, pamoja na mawimbi na upepo, hubadilisha kimo hicho kila saa. Kwa hiyo hesabu hukusanywa miaka mingi, kisha wastani wake hutafutwa.

Lakini yafaa ifahamike kwamba chombo hicho kimefungwa katika nchi kavu. Maji yakipita alama ya zamani, huenda bahari imepanda, au ardhi imezama pamoja na chombo chake, au yote mawili. Huko Stockholm, katika Sweden, maji huonekana yakishuka mwaka hata mwaka, kwa sababu ardhi yainuka. Zamani sana ililemewa na barafu nene. Barafu ikayeyuka, na ardhi ingali ikijiinua polepole.

Jakarta, katika Indonesia, ni kinyume chake. Mji huo umejengwa juu ya udongo laini, na maji mengi huvutwa kwa visima virefu. Maji yakitoka, udongo hushindiliwa na kushuka. Mahali pengine pamewahi kushuka zaidi ya sentimeta 10 kwa mwaka. Hali bahari za dunia, tangu setilaiti zianze kuzipima mfululizo mwaka 1993, zimepanda kwa wastani wa milimeta 3 hivi kwa mwaka.

Ili kutenganisha mambo hayo mawili, wataalamu hufunga karibu na chombo cha bandarini kipokezi cha ishara za setilaiti, kionyeshacho mwendo wa ardhi yenyewe.

Kazi hii si ya bure, maana dawa hufuata ugonjwa. Ukuta uliojengwa juu ya ardhi izamayo huzama nayo. Mjini Tokyo, katika Japani, sehemu za mashariki zilishuka zaidi ya meta 4 katika karne ya 20. Sheria za kuzuia uvutaji wa maji ya chini zilitolewa mwaka 1956 na 1962, na baada ya miaka ya 1970 mshuko ukapungua sana. Hata hivyo, ardhi iliyokwisha kushuka haikurudi mahali pake, na mitaa hiyo hata leo hulindwa kwa kuta na pampu. Basi heri apimaye mapema.