Vikapu Kumi na Viwili na Majiko Yetu

Somo la kusoma: Yohana 6:1-13. Soma pia Mwanzo 2:15.



Habari ya mikate mitano na samaki wawili twaijua tangu shule ya Jumapili. Mara nyingi tukiihubiri twaishia kwenye muujiza, jinsi watu wapatao elfu tano walivyokula wakashiba. Lakini Yohana hakuishia hapo. Anatueleza kwamba Bwana aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye masazo, wasiache chakula kiharibike, nao wakajaza vikapu 12. Yeye awezaye kuzidisha mikate hakuona aibu kuhesabu makombo. Mwezi huu tuitafakari amri hiyo ndogo, kwa maana inagusa jambo kubwa la siku hizi, yaani mabadiliko ya tabianchi.

Jambo lenyewe ni nini?

Dunia imefunikwa na hewa kama mtu aliyejifunika shuka usiku. Katika hewa hiyo zimo gesi chache zinazozuia joto lisitoroke lote kwenda angani. Zikiwa kwa kiasi ni baraka, maana bila hizo tungeganda kwa baridi. Lakini tangu wanadamu walipoanza kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu kwa wingi, shuka limegeuka kuwa blanketi zito, na joto linaongezeka.

Gesi zinazosumbua zaidi ni mbili. Ya kwanza ni hewa ya ukaa, itokayo tunapochoma kuni, mkaa, petroli na mengineyo. Ya pili ni methani, itokayo kinywani mwa ng'ombe anapocheua, katika majaruba ya mpunga yaliyojaa maji, na katika chakula kinachooza jalalani. Katika muda wa miaka 100, kilo 1 ya methani huongeza joto kama kilo 28 hivi za hewa ya ukaa.

Wataalamu wamekadiria kwamba karibu theluthi moja ya gesi zote zitokanazo na kazi za wanadamu zatokana na chakula, yaani kufyeka mashamba, kulima, kufuga, kusafirisha, kupika na kutupa. Basi jambo hili si la viwanda na ndege peke yake. Limo shambani, na limo jikoni.

Je, kosa ni letu?

Huenda msomaji akasema, "Mimi sina gari, na nyama naila Krismasi na Pasaka. Mbona naambiwa mimi?" Swali hili ni la haki. Nchi tajiri ndizo zilizochoma zaidi kwa miaka mingi, na Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 wenyewe unakubali kwamba nchi hizo hazina budi kutangulia. Kanisa lisione haya kulisema hilo. Wala mtoto apataye nyama mara moja kwa mwezi hatakiwi kupunguziwa, huyo aongezewe.

Hata hivyo, kosa la jirani halitupi ruhusa ya kufuja kilicho mikononi mwetu. Katika Mwanzo twasoma kwamba Mungu alimkabidhi mwanadamu bustani kama kazi ya kuiangalia. Tena mwaka 1990 Baraza la Ushauri la Kanisa Anglikana duniani liliongeza alama ya tano katika alama za utume wa Kanisa, nayo ni kuutunza uumbaji na kuhuisha uhai wa dunia. Kwetu sisi, basi, jambo hili limekwisha kuwa sehemu ya utume.

Serikali imesema nini?

Mwaka 2021 Tanzania iliahidi mbele ya mataifa kwamba ifikapo mwaka 2030 itapunguza gesi hizo kwa asilimia 30 hadi 35, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo kama tusingefanya lolote. Ahadi hiyo yagusa misitu, umeme, usafiri na kilimo. Lakini iliyotufikia karibu zaidi ni ile ya jikoni. Mwezi wa Mei mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikwisha agizwa kuacha kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024.

Sababu ya mkakati huo yaonekana. Kwa miaka mingi kaya 90 hivi katika kila 100 zimetegemea kuni na mkaa. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa yaweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni, na moshi wa tanuri hilo una methani ndani yake. Tena hukadiriwa kwamba watu 33,000 hivi hufa nchini kila mwaka kwa maradhi yatokanayo na moshi wa jikoni. Wengi wa wanaouvuta ni akina mama, na watoto waliobebwa migongoni mwao.

Hapa ndugu tujisemee wenyewe. Shule za bweni, vyuo na hospitali za Kanisa ni taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100. Agizo hili ni letu. Tusihubiri kutunza uumbaji mimbarani huku nyuma ya bwalo kuna lundo la magogo. Pia tusimlaumu mjane anunuaye mkaa wa kopo kwa sababu hana fedha ya kujaza mtungi wa gesi kwa mara moja. Mkaa wa kopo ni ghali ukiuhesabu kwa mwezi, lakini yeye fedha ya mwezi haioni kwa pamoja. Sera isiyomfikia mjane huyo bado haijafika, na kazi ya Kanisa ni kusaidia ifike.

Tufanye nini?

La kwanza, jiko. Gesi ya mitungi nayo yatokana na mafuta, tusidanganyane. Lakini inaungua vizuri, haina moshi, na inaupumzisha msitu. Penye umeme, sufuria ya umeme ya kupikia kwa mvuke hupika maharage kwa chini ya uniti 1. Pasipo na vyote hivyo, bado kuna njia. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi zaidi. Tena sufuria iliyochemka, ikifunikwa na kuwekwa ndani ya kapu lililojazwa vitambaa au majani makavu, huendelea kuiva bila moto. Vikundi vya akina mama katika mitaa vyaweza kuwekeana fedha kidogo kidogo, mwezi huu mtungi wa huyu, mwezi ujao wa yule.

La pili, masazo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula duniani, na zaidi ya nusu zilitoka majumbani. Sisi hupoteza zaidi kabla ya kupika, pale fukusi na dumuzi wanapomaliza mahindi ghalani. Mahindi yaliyokauka vizuri, yakifungwa katika mifuko isiyopitisha hewa, huwaua wadudu hao kwa kukosa pumzi, bila dawa. Kila gunia linalookolewa ni shamba ambalo halitafyekwa bure. Na katika harusi na Sikukuu ya Mavuno, tupike kwa hesabu, na kinachobaki kipelekwe kwa wahitaji siku ile ile.

La tatu, sahani. Kitabu chetu cha Sala cha mwaka 1662 kimeweka siku zote za Ijumaa, isipokuwa ikiwa Krismasi, kuwa siku za kufunga au kujinyima. Wengi tumeisahau desturi hiyo. Huko Uingereza na Wales, maaskofu wa Kanisa Katoliki waliwaita waumini wao mwaka 2011 warudie kuacha nyama siku ya Ijumaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipochunguza jambo hilo, walieleza mwaka 2022 kwamba ni waumini kama robo tu walioitikia, na hata hivyo zilipungua zaidi ya tani 55,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Kwa hiyo wale miongoni mwetu wanaokula nyama choma kila jioni wajaribu kunde, choroko, mbaazi au dagaa siku ya Ijumaa, na fedha iliyobaki imsaidie mjane wetu kujaza mtungi. Hapo kujinyima kutakuwa na matunda.

La nne, sauti. Halmashauri ya mtaa iulize katika mkutano wa kijiji au wa kata: Mpango wa nishati safi umefika wapi hapa kwetu? Zahanati na shule zitasaidiwaje? Kuuliza kwa upole na kwa ukweli ni sehemu ya upendo kwa jirani.

Wanafunzi wale hawakuambiwa wazidishe mikate. Hiyo ilikuwa kazi ya Bwana. Wao waliambiwa wakusanye. Nasi hatuwezi kuipoza dunia kwa nguvu zetu, lakini kapu tunalo.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Ni chakula gani kinachoharibika zaidi katika nyumba zetu, na kwa nini?
2. Taasisi ya Kanisa iliyo karibu nasi yapika kwa nini? Twaweza kuisaidiaje?
3. Ni nani katika mtaa wetu asiyeweza kubadili jiko lake bila msaada?

Tuombe

Ee Mungu Muumba, uliyetupa ardhi, mvua na chakula cha kila siku, utusamehe kwa vyote tulivyofuja. Uwape hekima wanaotunga sheria, uwafariji wanaoumia kwa moshi na ukame, nasi utufundishe kukusanya wala tusitawanye. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.