MCHAWI ASIYETAKA UCHAWI: NAMNA YA KUMCHAMBUA

Katika toleo hili wanachama wenzangu wamenipa kazi ya kuandika somo la uchambuzi wa wahusika. Sitagusa vitabu vya mtihani, maana hivyo vimechambuliwa hadi vimechoka. Nitatumia filamu tuliyoitazama chamani muhula wa pili, iitwayo Practical Magic. Ilitoka Marekani mwaka 1998, na msingi wake ni riwaya ya Alice Hoffman ya mwaka 1995. Ni kisa cha mapenzi na maajabu, na mhusika wake mkuu ni mwanamke aliyezaliwa na nguvu za uchawi asizozitaka hata kidogo.

Mlezi wa chama alitupa zoezi: tuisimulie upya kwa Kiswahili. Basi tulikwama kwenye neno la kwanza! Kwa Kiingereza wanawake wale wanaitwa kwa neno moja tu. Kwa Kiswahili tuna mawili, mchawi na mganga, na hayo mawili hayalali kitanda kimoja. Mchawi anadhuru, mganga anatibu. Hata kwa Kigiriama chetu mutsai ni mbali na muganga. Wavulana wakasema Sally ni mchawi, wasichana wakasema ni mganga, na kengele ikalia kabla hatujaelewana. Makala haya ni jibu langu.

KISA KWA UFUPI

Zamani za kale Maria Owens alihukumiwa kunyongwa kwa uchawi. Kamba ikakatika, akafukuziwa kisiwani akiwa mja mzito. Alimngojea mpenzi wake, asije. Kwa uchungu akajifanyia kago asipende tena maishani, na kago hilo likageuka laana: mwanamume yeyote atakayependwa na mwanamke wa ukoo wa Owens atakufa.

Sally na nduguye Gillian ni wa ukoo huo. Baba yao alikufa, mama naye akafa kwa majonzi, wakalelewa na shangazi wawili wazee, Frances na Jet. Gillian akakua akiyakimbilia mapenzi. Sally akayaogopa. Alipokuwa mtoto alifanya dawa ya kumwita mume ambaye hawezi kupatikana duniani, mwenye jicho moja kijani na jingine buluu, ili asije akapenda kamwe. Baadaye alipenda hata hivyo, akaolewa, akazaa mabinti wawili, na mumewe akagongwa na gari akafa. Hapo ndipo alipoapa kuwa uchawi basi. Akafungua duka la mafuta na mitishamba, akataka kuishi kama mama yeyote wa mjini.

Gillian naye akaangukia mikononi mwa Jimmy, mwanamume katili. Katika kujiokoa, ndugu hao wawili wakamuua na kumzika bustanini. Mpelelezi aitwaye Gary akaja kutoka Arizona kumtafuta, na hebu kisieni macho yake yalikuwa ya rangi gani! Mwishowe pepo la Jimmy likampanda Gillian, na Sally hakuweza kulitoa peke yake.

HOJA YA KWANZA: JINA HUTANGULIA TENDO

Tukiulizwa sifa za mhusika, wengi wetu hukimbilia kuorodhesha: ni mkarimu, ni mwoga, ni mwenye bidii. Kwa mhusika wa aina hii hebu kwanza tujiulize: nani alimpa jina hilo, na lini? Sally na Gillian wanazomewa na watoto wenzao njiani hata kabla hawajajua kufanya dawa yoyote. Jina lilikuwa linawangoja, kama vile jina la ukoo linavyomngoja mtoto tumboni.

Mwandishi hakuyatoa hayo hewani. Jimbo la Massachusetts, ambako kisa kimewekwa, ndiko uliko mji wa Salem. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa huko kwa shtaka la uchawi, na mzee mmoja akagandamizwa kwa mawe hadi akafa. Zaidi ya watu 150 walishtakiwa. Ilianza kwa wasichana wachache kuugua ugonjwa usioeleweka, majirani wakaanza kutajana, na kila aliyetajwa akatakiwa amtaje mwingine.

Mmoja wa waliohukumiwa kufa ni msichana wa miaka 22, Elizabeth Johnson. Hukumu yake ilikuwa ya mwaka 1693. Hakunyongwa, lakini jina lake halikusafishwa. Lilikuja kusafishwa mwaka 2022, miaka 329 baadaye, baada ya wanafunzi wa darasa la nane na mwalimu wao kuifuatilia kesi hiyo hadi kwenye baraza la kutunga sheria. Wanafunzi, jamani! Tena wadogo kuliko sisi. Kumpa mtu jina ni kazi ya dakika moja; kuliondoa kulichukua karne tatu na ushei.

HOJA YA PILI: JUMUIYA NI MHUSIKA

Hili ndilo jibu langu kwa mjadala wetu. Tulibishana kuhusu Sally, tukausahau mji. Katika hadithi za namna hii jumuiya ndogo si mandhari tu, bali ni mhusika kamili. Ina tabia, ina unafiki, na inabadilika.

Tazameni unafiki wake. Mchana watu wa mjini wanawaepuka shangazi wale. Usiku mwanamke yuleyule anayewaepuka anakuja kubisha hodi, analia, anataka limbwata la kumpata mume wa mtu. Kwa hiyo mchana Frances na Jet ni wachawi, na usiku ni waganga. Wao hawajabadilika. Saa ndiyo iliyobadilika, na shida ya anayebisha. Mwenye kuamua ni neno lipi kati ya yale mawili litumike ni jirani.

Tazameni sasa mabadiliko yake. Shuleni kwa mabinti wa Sally akina mama wana orodha ya simu, mmoja akipata shida anampigia mwenzake, naye mwingine, hadi wote wasikie. Sally anatamani kuwa mmoja wao. Pepo linapomshinda, anaishika simu na kusema wazi yale aliyoyaficha miaka yote. Nao wanakuja! Wanakuja na mifagio yao, wengine kwa hofu, wengine kwa hamu ya kuona tu, wanaingia jikoni mwa nyumba waliyokuwa wakiipita mbio. Wanashikana mikono na pepo linatoka. Huu ndio upeo wa hadithi. Laana iliyoanza siku mji ulipomtoa Maria inaisha siku mji unapoingia nyumbani mwa wajukuu zake.

HOJA YA TATU: MAPENZI NA KINAYA

Kinaya kikubwa ni kwamba dawa aliyoifanya Sally ili asipendwe ndiyo inayomleta Gary. Lakini hapo pana fundo. Sally anajiuliza: mtu huyu ananipenda, ama anavutwa na dawa? Swali hilo ndilo linalomfanya mchawi huyu asiutake uchawi wake. Mwenye uwezo wa kumlazimisha mtu ampende hawezi kuwa na hakika kwamba anapendwa. Limbwata linaweza kumleta mtu mlangoni, ila haliwezi kumpa nia. Ndiyo maana Sally anamwacha Gary aende zake, na Gary anarudi mwenyewe baada ya kuwa huru. Mkiulizwa dhamira kuhusu mapenzi, jibu ni hilo: mapenzi ni hiari.

KUTOKA FILAMUNI HADI KWETU

Mwanafunzi mwenzangu anaweza kusema, "Hayo ni ya Wazungu, tena ya filamu." La, hasha. Oktoba mwaka 2021 wanawake wanne waliokuwa wameshapita umri wa ujana waliuawa na umati huko Marani, Kisii, kwa kushukiwa uchawi. Hapa Kilifi tumewasikia wazee wengi waliokatwa mapanga ama kufukuzwa makwao, na mara nyingi ukichimba nyuma ya shutuma unakuta shamba. Baadhi yao wamepata hifadhi Kaya Godhoma, Ganze, mbali na watoto wao wenyewe.

Mimi nina nyanya, humwita hawe. Ana miaka sabini na kitu, macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote hiyo. Kila mwezi hutia piko kichwani hadi nywele zinakuwa nyeusi tititi. Nilidhani anapenda urembo, nikamtania kuwa anatafuta mchumba. Hakucheka. Aliniambia, "Mwanangu, siku hizi mvi ni kesi." Hawe hajui kufunga hata hirizi. Yeye pia ni mchawi asiyetaka uchawi, ila wake umo midomoni mwa watu tu, na hakuna dawa ya kuutoa isipokuwa watu hao hao.

Ni vizuri pia tujue kwamba Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1925, haikumlenga mchawi peke yake. Ilifanya kumshutumu mtu kuwa mchawi kuwa kosa pia, isipokuwa umepeleka habari kwa polisi, chifu ama mkuu mwingine wa serikali. Si mchezo, basi, kumwita mama wa watu mchawi pale kisimani.

METHALI ZETU ZASEMAJE?

Wengi hukimbilia "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Kwa heshima ya wahenga, mimi naona methali hii ikitumiwa vibaya inaua. Salem lilisemwa, na halikuwepo. Lakini wahenga hao hao walituachia nyingine: "Mchawi mpe mwana akulelee." Maana yake, unayemshuku mkabidhi kile unachokithamini, naye atakilinda kuliko wewe, kwa kuwa kikidhurika ataulizwa yeye. Methali hii inakubali kwamba hofu ipo, haituambii tujifanye majasiri. Ila inaipeleka hofu kwenye mlango wa jirani ikiwa na mtoto mkononi badala ya panga. Akina mama wa filamu ile hawakuijua, lakini waliitenda.

Kwa hivyo, mchawi ama mganga? Mkikutana na mhusika wa aina hii katika riwaya, tamthilia ama ngano, msimpime yeye peke yake. Wapimeni wanaomwita.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mchawi na mganga, kisha uonyeshe jinsi mhusika mmoja anavyoweza kuitwa kwa majina yote mawili. (alama 4)
2. "Jumuiya ni mhusika." Thibitisha kwa kutumia ngano yoyote ya kwenu. (alama 10)
3. Fafanua kinaya kilichomo katika dawa aliyoifanya Sally utotoni. (alama 3)
4. Andika mazungumzo kati ya mzee anayeshukiwa uchawi na mjukuu wake. (alama 20)

Majibu ya swali la nne yaleteni chamani Ijumaa, tutayaigiza. Mimi nitakuja na hawe, ameshakubali. Nawatakia masomo mema.

Mwanachama, Kidato cha Tatu