Maswali ya Wanaoanza Biashara ya Fedha za Kigeni

Umeona tangazo la kutengeneza pesa kwa simu tu? Kabla hujatuma hata shilingi moja, soma haya.

Biashara hii ni ipi hasa?
Unanunua sarafu moja kwa nyingine, mfano yuro kwa dola, ukitarajia bei isonge upande wako.

Mbona watu hupoteza haraka hivyo?
Broka hukuruhusu kufanya biashara kubwa kuliko pesa ulizoweka. Ukiweka Sh5,000 akuzidishie mara 100, unashika biashara ya Sh500,000. Bei ikienda kinyume chako kwa asilimia 1 tu, Sh5,000 zako zimeisha.

Nitajuaje broka ni halali?
Tafuta jina lake kwenye orodha ya walio na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Anayetaka utume pesa kwa namba yake binafsi ili "akufanyie kazi", au anayekuahidi faida kila wiki, achana naye.

Nianze na pesa ngapi?
Anza na akaunti ya majaribio, isiyo na pesa halisi. Baadaye weka zile tu ambazo zikipotea, karo na kodi ya nyumba hazitaguswa. Usichukue mkopo wa simu kwa kazi hii. Na PIN yako usimpe yeyote.