Mchoro, Nasaha na Riziki: Somo kwa Anayefikiria Kuishi kwa Sanaa



Sifa zote njema ni za Allah, Muumba wa mbingu na ardhi na kila rangi tunayoiona baina yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, Amiri wa jumuiya aliniomba niandike somo juu ya maswali mawili yanayoulizwa mara kwa mara baada ya darsa. La kwanza: je, Mwislamu anaweza kuufanya uchoraji kuwa kazi yake ya maisha? La pili: atajuaje kama anachokichora kina thamani? Mimi dada yenu ninaandika nikiwa ndani ya maswali hayo hayo. Niko mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho, katika shahada ya sanaa hapa Kampala. Baba amejitolea kunilipia stashahada ya ualimu baada ya hapo, na fomu inatakiwa kurudishwa kabla muhula haujaisha. Kwa hiyo muhula huu nilitafuta nasaha ya kweli juu ya michoro yangu kabla sijampa Baba jibu. Niliyojifunza nimeyapanga katika sehemu tano.

1. Hukumu kwanza

Ninachora sanaa dhahania, yaani uchoraji usioonyesha mtu, mnyama wala kitu kinachotambulika. Mchoraji hufanya kazi kwa mistari, maumbo, rangi na nafasi iliyoachwa wazi. Wengi hudhani ni jambo la kuigwa kutoka Ulaya, lakini Mwislamu hana sababu ya kuliona geni. Nakshi za nyota na pembe katika kasri la Alhambra kule Granada zilitengenezwa na Waislamu karne nyingi zilizopita, na hazina sura ya kiumbe. Aliyeswali Msikiti wa Kitaifa pale Old Kampala ameona nakshi juu ya kichwa chake.

Kuhusu hukumu, Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyemjia Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kuwa riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, na kazi hiyo ni kutengeneza picha. Ibn Abbas alimweleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.) kuhusu adhabu ya wanaotengeneza sura za viumbe. Yule mtu alishtuka sana, hata uso wake ukabadilika. Ndipo Ibn Abbas akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi kuifanya kazi hiyo, basi achore miti na kila kisicho na roho.

Tazama namna alivyojibiwa. Aliambiwa ukweli bila kupunguziwa, kisha akaonyeshwa njia ambayo mikono yake itaendelea kumlisha. Hakuambiwa kwamba ufundi wake hauna maana.

Nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu wa chuo, pamoja na dada wawili wa jumuiya, nikamwonyesha picha za kazi zangu kwenye simu. Alisema wanavyuoni wengi wanaruhusu kuchora visivyo na roho, na haoni tatizo katika mistari na rangi. Lakini alinionya mambo matatu. Nisitie aya za Qur'ani katika mchoro utakaolazwa sakafuni au kutundikwa mahali pasipo na heshima. Nisiache swala ipite kwa kuwa rangi inakauka. Na niichunge nia yangu, kwa sababu msanii husifiwa hadharani, na riya huingia polepole.

2. Adabu ya kuomba nasaha

Sote tunakijua kisa cha mtu aliyeingia msikitini akaswali haraka haraka. Mtume (s.a.w.) alimrudisha aswali tena, mara tatu. Mwishowe yule mtu akakiri kwamba hajui kuswali vizuri zaidi ya hivyo, akaomba afundishwe. Hapo Mtume (s.a.w.) akamfundisha hatua kwa hatua: takbira, kusoma, kurukuu mpaka atulie, kusimama mpaka anyooke, kusujudu mpaka atulie.

Kisa hiki huletwa katika masomo ya swala, nami nakiona pia kuwa somo kwa kila mwenye fani. Mafunzo yalikuja baada ya mtu mwenyewe kuyaomba. Na yalipokuja hayakuwa sifa wala lawama. Yalitaja kiungo fulani na kitendo fulani, jambo ambalo mtu anaweza kwenda kulitenda siku hiyo hiyo. Kutokana na kisa hicho nilijiwekea kanuni nne.

Kwanza, muulize mwenye kujua. Qur'ani inatuelekeza tuwaulize wenye elimu pale tusipojua, na kila fani ina watu wake.

Pili, uliza swali dogo. Ukimwonyesha mtu mchoro ukamuuliza, "Ni mzuri?", atakujibu, "Mashallah, mzuri," na utaondoka mikono mitupu. Muulize: "Jicho lako limeanzia wapi? Limetokea wapi? Ni sehemu gani umeiruka?" Hata asiyesoma sanaa anaweza kujibu hayo.

Tatu, nyamaza na uandike. Ukianza kueleza ulichokusudia, mwenzako ataacha kukwambia alichokiona. Mchoro utakapokuwa ukutani kwa mtu, wewe hutakuwepo kuueleza.

Nne, usichanganye mchoro na maisha yako. "Mchoro huu una kasoro gani?" ni swali moja. "Niache sanaa?" ni swali jingine kabisa. Anayeweza kujibu la kwanza huenda hajui lolote kuhusu la pili.

Na wewe unayeombwa nasaha, kumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) ameifanya nasaha kuwa ndiyo dini. Sifa ya uongo ni kumdanganya ndugu yako, na kejeli ni kumvunja. Mwambie ulichokiona, kwa upole, kisha mwache akafanye kazi.

3. Nasaha nilizopewa

Nilipeleka michoro saba kwa mhadhiri mmoja anayefundisha uchoraji. Yote niliichora juu ya lubugo, kile kitambaa cha magome ya mti wa mutuba ambacho UNESCO iliutambua utengenezaji wake mwaka 2005 kuwa urithi usioshikika wa binadamu unaostahili kulindwa. Mkubwa kuliko yote nimeupa jina "Swafu". Una mistari mitano mipana ya bluu iliyokoza inayokata kahawia ya lubugo kutoka ukingo hadi ukingo, kama safu za waumini zikitazamwa kutoka juu, bila watu.

Mhadhiri aliniambia nifumbe macho nusu. Bluu na kahawia zikaungana, mistari ikatoweka. Akanitaka niupige picha kwa simu na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe: karibu picha nzima ikawa kijivu kimoja. Hapo nikaelewa kwamba rangi mbili zinaweza kutofautiana kwa jina na kulingana kabisa kwa mwanga na giza, na jicho husoma mwanga kabla ya kusoma rangi. Kisha akaupindua mchoro juu chini ili tuone upande uliolemea. Mwisho alitenga michoro minne kati ya saba, akasema, "Hii nimeshaiona kwa wachoraji wengine. Mitatu hii iliyobaki ni ya kwako. Anzia hapa." Maneno hayo yalikuwa mazito kuyasikia, lakini yamenisaidia kuliko "mashallah" zote za mwaka jana.

Mshauri wangu mwingine alikuwa Jjajja, bibi yangu mzaa mama, anayeishi Butambala. Nilimkunjulia "Swafu" juu ya mkeka. Aliugusa kwanza kwa vidole kabla ya kuutazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, nani amefariki?"

Kwa Baganda, lubugo limetumika tangu zamani kuwafunika na kuwazika wafu. Mhadhiri aliona mwanga na giza, Jjajja aliona msiba. Nilimweleza kuwa hizo ni safu za swala. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hiyo ni swala ya jeneza. Hakuna anayeinama."

Nilirudi Kampala na neno hilo. Swala ya jeneza haina rukuu wala sujudu. Watu husimama tu, na takbira zake ni nne. Nilianza mchoro upya kwenye kipande kingine cha lubugo, nikaweka mistari minne badala ya mitano. Bluu niliichanganya na nyeupe mpaka ikakaribia rangi ya sanda. Kwa hiyo tatizo la mwanga alilolionyesha mhadhiri na maana aliyoiona Jjajja vilipata jibu moja. Jina lake sasa ni "Takbira Nne".

4. Mfano wa Ibrahim El-Salahi

Mchoraji huyu wa Sudan alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa Qur'ani, na mwandiko wa Kiarabu alianza kuujua utotoni katika khalwa ya nyumbani kwao. Alisoma sanaa Khartoum, kisha katika chuo cha Slade, London, kuanzia 1954 hadi 1957. Aliporudi nyumbani akafanya maonyesho mjini Khartoum, na watu wake hawakuvutiwa na yale aliyoyaleta.

Angeweza kuwalaumu kuwa hawajui sanaa. Badala yake alipunguza kuchora, akazunguka nchini akiangalia mapambo ya nyumba, vikapu, na maandishi ya Kiarabu ambayo Wasudani walikuwa nayo majumbani mwao. Akaanza kuzivunja herufi, akiangalia umbo lake na nafasi iliyo kati yake, na humo ukazaliwa mtindo uliomtambulisha. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern mjini London lilifanya maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake.

Baadhi ya michoro yake ina sura za watu, na hapo hukumu tuliyoitaja inabaki palepale. Ninachokichukua kwake ni namna alivyopokea kimya cha watu wake kama nasaha. Tena tukumbuke kwamba hakuishi kwa kuuza michoro peke yake. Alifundisha, na alifanya kazi serikalini katika mambo ya utamaduni.

5. Hesabu ya riziki

Bukhari amepokea kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokila kutokana na kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikuwa akila hivyo. Hadithi hii inatukuza kazi ya mikono, lakini haituondolei wajibu wa kupiga hesabu.

Tuchukue mfano. Mchoro umeuzwa shilingi 800,000 kupitia galari. Galari nyingi huchukua sehemu kubwa, wakati mwingine hadi nusu. Tuseme hii inachukua asilimia 40, yaani 320,000. Umebaki na 480,000. Toa lubugo, rangi, gundi, fremu na usafiri, tuseme 150,000. Mkononi mwako zipo 330,000, kwa kazi ya wiki tatu. Sasa jiulize ni michoro mingapi itanunuliwa kwa mwaka, na miezi ambayo hakuna mnunuzi kodi ya chumba italipwa na nini. Anayekuuliza hivyo hakuchukii wewe wala sanaa yako.

Jambo jingine ni maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandika madeni. Ukiiachia galari mchoro, andikeni bei, sehemu ya kila mmoja, muda wa kulipwa, na nani atabeba hasara mchoro ukiharibika. Udugu usiwe sababu ya kuacha karatasi.

Hesabu yangu niliiandika kwenye ukurasa mmoja, nikampa Baba pamoja na picha ya "Takbira Nne". Alisoma mara mbili. Hakuuliza kama mchoro ni mzuri. Aliuliza tu kodi ya miezi mitupu itatoka wapi, nami sikuwa na jibu jingine isipokuwa mshahara. Niliswali istikhara, na fomu ya ualimu nimeirudisha, nikiwa nimechagua kufundisha sanaa katika shule za sekondari. Tumekubaliana na Baba kwamba baraza ya nyuma ya nyumba ni yangu kila Jumamosi na Jumapili kwa uchoraji, na baada ya miaka miwili tutakaa tena na karatasi ile tuone tarakimu zinasemaje.

Kwa mwingine hesabu inaweza kutoa jibu tofauti. Yupo mwenye wanunuzi tayari, na yupo mwenye mkono wa kuandika mabango, kubuni vitambaa au kupamba misikiti. Kila mmoja ahesabu kwa alichonacho.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Katika fani unayoisoma, ni nani mwenye elimu ya kukupa nasaha, na ni nani asiye wa fani hiyo ambaye jicho lake unalihitaji?
2. Taja kazi moja uliyoifanya muhula huu. Andika maswali matatu madogo utakayomuuliza mtu kuihusu, bila kutumia neno "nzuri".
3. Ibn Abbas alimwonyesha mtu yule njia ya halali ndani ya ufundi wake. Je, jumuiya yetu huwajibu vipi ndugu wanaouliza kuhusu muziki, filamu au mitindo ya mavazi?
4. Piga hesabu ya mwaka mmoja wa kazi unayoitamani. Ni nani nyumbani kwenu utamwonyesha?

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, riziki ya halali, na ndugu watakaotuambia ukweli. Amin. Wallahu a'lam.